Mama Nyota alitaka kuinua mawe ya paa langu nikamkatalia: kisa cha mtaa wetu wa ziwani, Goma, miaka ya hamsini

Wakuu, nawasalimu nyote, wa Kongo na wa kwingine kote tunakoelewana kwa Kiswahili hiki hiki.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, mwandishi wa leo. Juzi nilisoma uzi wa kijana mmoja anayelalamika kwamba majirani wanamwingilia kwenye ujenzi. Aliandika: "Kiwanja changu, nyumba yangu, wao inawahusu nini?"

Nikaweka kikombe cha chai chini.

Maneno hayo niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, kabla hata baba yake huyo kijana hajazaliwa. Nimeona nieleze kilichofuata. Nitaandika yaliyotokea tu. Nilichosahau nitasema nimesahau.

Kwanza mnijue. Nina umri ambao wengi wenu mnausikia kwenye mahubiri ya mazishi, na naandika mwenyewe kwa kidole changu, sisomewi wala siandikiwi. Baba yangu alikuwa mbeba mizigo bandarini Goma. Mimi niliondoka nyumbani na shati moja, nikaenda Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), nikafua, nikabeba matofali, nikasoma jioni, na baada ya miaka minane nikarudi na diplome ya ujenzi na uchoraji wa ramani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna padri aliyeniandikia barua.

Nayasema haya si kwa majivuno. Sawa, kidogo ni kwa majivuno. Lakini mtaona yanahusika.

Twende.

Mtaa wetu ulikuwa chini kabisa, pale mawe meusi ya volkano yanapoingia ziwani. Kulikuwa na mistari minne ya nyumba, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka majini kupanda kuelekea mlimani. Asubuhi wanawake walichota maji upande mmoja, wafuaji walifua upande mwingine, na mitumbwi ilivutwa juu ya mawe katikati. Ukikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya nne wanakuambia pole.

Wasioijua Kivu husema ziwa ni maji yaliyolala. Waje Novemba. Upepo unatoka kusini, unapita juu ya maji yote yale bila kugusa kitu, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni sisi.

Kwa hiyo mtaa ulikuwa na taratibu zake. Ya kwanza ilikuwa Idjwi. Siku ya kawaida unakiona kisiwa hicho mbali, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Kikipotea, una muda wa kuchemsha birika moja la chai, basi. Aliyekiona kinapotea aligonga jante, yaani rimu ya chuma ya lori, iliyoning'inizwa karibu na mitumbwi. Ukisikia jante, unafunga madirisha na milango ya upande wa ziwa, unafungua ya upande wa mlima, unaanua nguo, unaingia ndani.

Ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Tuliiita Jumamosi ya Mawe.

Mabati ya mtaa wetu (wenyewe tunayaita manjanja) yalikuwa na mawe juu yake. Nyumba zote. Kila mwaka, mvua kubwa zikikaribia, kulikuwa na Jumamosi moja ya kukagua mawe hayo. Na hapa wakuu msome polepole: mwenye nyumba hakagui mawe yake. Anayekagua ni jirani wa nyuma yake, wa upande wa mlimani. Anakuja na ngazi yake, anapanda, anainua kila jiwe kwa mikono. Likiwa jepesi au limepasuka, analitupa chini, nawe unatafuta jingine mbele ya macho yake. Halafu nawe unabeba ngazi yako unakwenda kwa jirani wa mbele yako.

Nimekua nikiiona hiyo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni sikukuu, maana watu walikunywa na kutaniana mchana kutwa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini iwe jirani wa nyuma na si wa mbele.

Sasa nimerudi na diplome. Nimepata kazi kwenye ofisi ya barabara, nachora madaraja na makalvati. Nina baiskeli, nina redio, nina kabati la vioo. Nimeoa Veneranda, binti wa Rutshuru, mwenye akili kuliko mimi ingawa wakati ule sikuwa nimemwambia.

Nikajenga nyumba mstari wa kwanza kabisa. Mbele yangu hakuna mtu, ni maji tu. Nilichora ramani mwenyewe. Barza, yaani baraza, inatazama ziwa, mlango mpana wa mbao mbili, paa nimelipaka rangi nyekundu. Wageni waliokuja kwa meli kutoka Bukavu waliiona kabla hawajaiona bandari. Hilo lilinipendeza sana, siwafichi.

Na kwa kuwa nilikuwa mstari wa kwanza, sikuwa na jirani wa mbele wa kumkagulia. Katika mtaa mzima, nyumba za mstari wangu ndizo pekee zisizomkagulia mtu siku ya Jumamosi ya Mawe; kazi yetu ilikuwa kukaguliwa tu.

Nyuma yangu alikaa Mama Nyota.

Alikuwa mjane wa mvuvi, mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mabega ya mwanaume. Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba kubwa za mjini. Pasi yake ilikuwa ya makaa, nzito, sijui kama vijana wa siku hizi wangeweza kuishika robo saa. Yeye aliishika kutwa. Uwanja wake, kati ya nyumba yake na yangu, ulikuwa umejaa kamba za nguo. Kila siku nikifungua dirisha la nyuma naona mashuka meupe. Binti yake Nyota alikuwa ameolewa Kibumba na alikuja mara moja moja na viazi.

Mwaka wa kwanza Jumamosi ya Mawe ilinikuta sijaezeka. Mwaka wa pili paa lipo.

Mimi mawe sikuyataka. Nilisema nimepiga misumari kwa vipimo, nyumba si kaburi la kuwekewa mawe. Lakini Veneranda alinisihi, na mtaa ulianza kunisema, basi nikakubali kwa namna yangu.

Nilitafuta mawe mazuri. Makubwa, ya mviringo, yanayolingana. Nikaagiza yachovywe kwenye chokaa yawe meupe, yakapangwa kwa mstari niliounyoosha kwa kamba. Meupe juu ya nyekundu. Kutoka ziwani ilikuwa kama ukanda mweupe kwenye kofia ya askari.

Wa kwanza kuliona paa hilo alikuwa Papa Anatole, mtengeneza mitumbwi, mtu ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa na misumari mdomoni. Alisimama, akatoa misumari.

"Eeh, Diplome!" Hilo ndilo jina alilonipa. "Hii mawe yako imevaa shati nyeupe, inaenda komunyo ya kwanza?"

"Papa Anatole, ni urembo."

"Naona. Iko kwenye mustari kabisa. Hata yenye iko nyuma inafunga mikono."

Watu wakacheka, mimi nikacheka pia, nikijua moyoni kwamba ana wivu.

Halafu akaja Mama Nyota na ngazi yake begani.

Mazungumzo haya nayakumbuka yote. Kuna siku za maisha yangu zimepotea kabisa, ila hii haijapotea.

"Mutoto wangu, nimekuja kuinua."

"Mama, asante. Lakini yatazame tu kutoka hapo. Yanaonekana."

"Nimeyaona. Iko mazuri. Sasa nataka kuyainua."

"Utachafua rangi, mama. Haijakauka vizuri."

"Nitavua viatu."

Nikamtazama miguu. Hakuwa na viatu. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Unavua viatu gani, mama?"

Watu walicheka. Wakuu, walicheka sana, na mimi niliyesema nilicheka kuliko wote. Papa Anatole peke yake ndiye aliyerudisha misumari mdomoni.

Mama Nyota naye akaitazama miguu yake, kama mtu anayehakikisha. "Basi nitanawa miguu," akasema.

Hapo ningeweza kumpa maji. Ndoo ilikuwa pale pale.

"Mama," nikamwambia, "mimi nimesomea kujenga. Miaka minane. Kiwanja changu, nyumba yangu. Usijisumbue."

"Ulisoma vizuri, tunashukuru Mungu. Lakini paa yako ikitoka, haikuji kwako. Inakuja kwangu."

"Haitatoka."

Alisimama kidogo. Nadhani alikuwa anasubiri mtu mwingine aseme neno, na hakuna aliyesema, maana nilikuwa mtoto wa mtaa niliyerudi na karatasi yenye muhuri na walikuwa wananionea fahari hata wakinitania. Akageuza ngazi begani, akaenda.

Jioni Veneranda akaniuliza, "Umemufukuza mutu aliyekuja kutulinda?"

"Hakuja kutulinda sisi. Alikuja kujilinda mwenyewe."

"Ndiyo. Sasa si ni kitu kimoja?"

Nikaongeza sauti. Nilikuwa nasikiliza redio.

(Naenda kunywa dawa, narudi.)

Nimerudi wakuu. Naona kuna mmoja hapo chini ameuliza: "Mzee, mawe ya nini wakati misumari ipo?" Swali zuri, na lilikuwa swali langu pia. Jibu ni mlima. Nyuma yetu kuna Nyiragongo, na moshi wake unashuka na mvua. Maji hayo yanakula chuma. Msumari unauona kichwa chake kinang'aa kwa rangi yako nyekundu, kumbe shingo imebaki nyembamba kama sindano. Elisabethville hatukufundishwa hilo, kwa sababu huko hakuna mlima unaovuta moshi. Mama Nyota alilijua kwa kuwa kila miaka miwili alibadilisha vibanio vya nguo vyenye waya.

Na mwingine ameuliza mawe yangu yalikuwa na kasoro gani. Vuta subira.

Ilikuwa Novemba, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa na mgeni, mchoraji mwenzangu kutoka Bukavu, nitamwita Léonard. Alikuja kwa meli, akaliona paa kutoka majini kama wengine, akaanza kulisifia kabla hajakaa. Tulikuwa sebuleni, mlango mpana uko wazi, ziwa lote limeingia machoni.

Nilikuwa namwonyesha diplome ukutani, kwenye fremu, aliposema: "Kule mbali kuna nini? Kulikuwa na kisiwa."

Jante ikaanza kugongwa.

Veneranda alikwisha simama. Akafungua dirisha la nyuma, la upande wa mlima, akarudi kufunga mlango wa mbele. Nikamshika mkono.

"Acha wazi kidogo. Mgeni aone ziwa."

"Jante inalia."

"Nimesikia. Dakika mbili tu. Bukavu hawana mawimbi kama haya."

Na kwa nini dirisha la nyuma liwe wazi, vumbi liingie kwenye kabati langu la vioo? Nikaenda kulifunga mwenyewe. Kwa dirisha hilo nikamwona Mama Nyota uwanjani. Alikuwa na mashuka labda kumi na tano kwenye kamba, ya watu, si yake. Anachomoa vibanio, anakunja, anatupa kwenye karai, anachomoa. Hakuinua kichwa. Nikafunga dirisha.

Fikirini wakuu. Mtu mwenye diplome ya ujenzi. Nimefungua mdomo wa nyumba upande wa upepo, nimeziba upande wa kutokea. Nyumba imekuwa mfuko.

Upepo ulipofika haukubisha. Mlango uligonga ukuta pande zote mbili, Léonard akaanguka na kiti, na juu ya vichwa vyetu kukawa na sauti ambayo sijaisikia tena: kwanza tik, tik, tik, misumari ikikatika mmoja mmoja kama mtu anayevunja vidole, kisha mngurumo wa mawe yanayobingirika.

Yalibingirika kama vikapu vitupu. Jiwe moja lilianguka barzani mbele yangu. Nilitegemea lipasue sakafu. Liliruka. Likaruka tena, likavunjika vipande viwili, na ndani lilikuwa matundu matupu, kama mkate.

Hiyo ndiyo kasoro. Volkano inatoa mawe ya aina mbili, wakuu. Yapo yale mazito yaliyoshikana, madogo, yenye sura mbaya. Na yapo yale yaliyojaa hewa, makubwa, ya mviringo, mepesi kiasi kwamba mtoto anabeba moja kila mkono. Mimi nilichagua kwa macho. Nilikuwa nimewabebesha watu mawe yale hadi juu ya paa na mimi nimesimama chini na kamba yangu, naelekeza mstari. Sikuwahi kuinua hata moja.

Waliobeba walilipwa kubeba, sikuwauliza kitu; Mama Nyota angeinua moja tu angejua.

Paa lilifunguka kama kifuniko cha sanduku. Nilitazama juu nikaona mawingu. Bati la kwanza lilisimama wima, likasita, nawaapia lilisita, likageuza upande wake mwekundu kuelekea mlimani, likaondoka.

Nikapiga kelele: "Mama Nyota!"

Siamini hata Veneranda aliyekuwa karibu nami alinisikia.

Sikuona lilivyompata. Nilivunja dirisha nililolifunga mwenyewe, nikatoka. Mashuka yalikuwa yameruka hadi kwenye ukuta wake, na bati langu lilikuwa limelala juu ya karai, na yeye amekaa chini ameegemea karai hilo, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine. Damu ilikuwa nyingi. Shuka moja nililomfungia lilikuwa la mtu wa mjini, lenye maua pembeni. Akaniambia, "Si hiyo. Hiyo ni ya watu."

Mvua ikaanza.

Papa Anatole alifika na wanaume watatu. Hakusema utani. Aliangalia huku na huku, akaingia nyumbani kwangu, akang'oa ubao mmoja wa ule mlango wangu mpana, ambao bawaba zake zilikuwa zimelegea tayari, wakamlaza juu yake, wakambeba hivyo hadi hospitali. Nilishika kona moja. Njia nzima nilikuwa natazama mlango wangu.

Hakufa. Niliogopa kuliandika hilo mapema msije mkaacha kusoma. Lakini mkono wa kulia, kutoka kiwiko kushuka, haukurudi. Vidole vilibaki vimekunjika. Pasi ya makaa hakuishika tena kwa mkono huo.

Sasa nieleze jambo lililoniumiza kuliko yote: hakuna aliyenisema.

Nilingoja. Nilijiandaa kwa majibu, nilikuwa na sentensi za Kifaransa kabisa. Hakuna aliyekuja. Walikuja na vigingi na turubai, wakatufunika, wakamletea Veneranda sufuria ya maharage, wakaondoka. Papa Anatole alirudisha ule ubao wa mlango, ameuosha. Aliuegemeza ukutani akasema tu, "Mulango yako, baba." Hakuniita Diplome. Nilitamani aniite.

Ndani, mvua ilikuwa imeingia kwenye fremu. Diplome yangu ina doa la maji, la rangi ya chai, linaloanzia kwenye muhuri hadi kwenye jina langu. Ninayo hadi leo. Mwanangu mmoja alitaka kuipeleka isafishwe, nikamkatalia.

Mama Nyota aliporudi kutoka hospitali nilimwendea na sukari, sabuni, na kitenge. Alikuwa anajifunza kupiga pasi kwa mkono wa kushoto. Shuka lilikuwa na mikunjo.

Nilianza hotuba. Nilikuwa nimeiandaa. Akanikatiza.

"Sukari nimeona. Ulitafuta mawe?"

"Bado, mama. Paa lenyewe bado."

"Ukiezeka, tafuta. Yenye iko mazito." Akageuza shuka. "Mimi bado niko nyuma yako. Siwezi kuhamisha nyumba."

Hayo tu.

Niliezeka upya, polepole. Sikupaka rangi. Mawe niliyatafuta mwenyewe, nikiinua moja moja, jioni baada ya ofisi, hadi mgongo ukanikaa vibaya. Septemba ikarudi, na Jumamosi ya Mawe ikafika, na mimi nikagundua shida ambayo hakuna diplome iliyoifikiria.

Anayepaswa kukagua paa langu ni Mama Nyota. Na Mama Nyota hawezi kupanda ngazi.

Asubuhi ile nilikwenda kwake, nikamwambia labda Papa Anatole apande badala yake.

"Anatole iko nyuma yako?"

"Hapana, mama."

"Basi ju ya nini apande?"

"Lakini mkono..."

"Mukono wa kushoto iko mzima. Niletee kiti."

Nikabeba kiti chake, nikakiweka mbele ya nyumba yangu, barzani pale jiwe lilipovunjikia. Akakaa. Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Leta moja."

Nikaelewa.

Nilipanda ngazi, nikatoa jiwe la kwanza, nikashuka nalo, nikamwekea kiganjani. Alilipima, akalishusha mapajani, akaligonga kwa ukucha, akanirudishia. "Rudisha." Nikapanda, nikalirudisha mahali pake, nikachukua la pili, nikashuka.

Mawe yalikuwa arobaini na mawili. Hesabu hiyo naikumbuka kwa magoti yangu.

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Nilikuwa na viatu vyangu vya ofisini, na kwenye jiwe la kumi viliteleza nikakaribia kuanguka. Nikavivua. Nilipofika chini na miguu mitupu, Mama Nyota aliitazama miguu yangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akanyoosha kiganja.

"Leta."

Alikataa mawe saba. Mengine, naapa, yalikuwa mazito, nilipingana naye kwa moja nikamwambia hili ni zuri mama, akaligonga tena, akanisogezea sikioni. Ndani lilikuwa na ufa. Nikalitupa.

Nilipofikisha la arobaini na mbili jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Sake, magharibi yetu. Nikalirudisha juu, nikabaki nimekaa kwenye paa langu, natweta. Kutoka pale, kwa mara ya kwanza, nilitazama upande wa mlima badala ya upande wa ziwa. Niliona kamba za nguo za Mama Nyota, kiti chake alichozoea, mlango wake. Vyote vilikuwa chini yangu moja kwa moja. Nilikuwa nimeishi pale karibu miaka miwili na sikuwa nimewahi kuiona nyumba yangu inavyoonekana kwa mtu anayekaa nyuma yake.

Chini, Papa Anatole akatoa misumari mdomoni.

"Diplome!" akaita. "Mwaka huu mawe haikwenda misa?"

Nilicheka hadi machozi. Sijui yalikuwa ya kitu gani hasa.

Tulifanya hivyo kila Septemba hadi Mama Nyota alipozeeka kabisa, na mwaka wa mwisho alikuwa haoni vizuri lakini kiganja kilikuwa kile kile. Alipofariki, Nyota alihamia kwenye nyumba ya mama yake. Septemba iliyofuata aligonga mlango wangu. Alikuwa na ngazi. Miguu alikuwa ameinawa.

Wakuu, mimi maisha yamenipa mengi na sitajifanya maskini wa sifa. Nimejenga makalvati kati ya Goma na Rutshuru ambayo maji hayajayashinda, na wahandisi wenye digrii walikuja kuniuliza siri. Siri ni hiyo. Kabla sijapiga mstari kwenye karatasi nilikuwa natembea hadi kwa mkulima wa chini, yule ambaye kalvati likizidiwa maji yanaingia shambani kwake, namwekea karatasi mbele namwuliza: wewe unaonaje? Wenzangu walidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba mwenye kujenga anakagua kwa macho, kwa sababu anapenda alichojenga. Atakayeangukiwa ndiye anayekagua kwa mikono.

Mwaka jana watoto wangu walioko ng'ambo walinitumia fundi, akaweka paa jipya la boliti. Kijana mzuri, ana diplome. Alipomaliza akasema, "Muzee, hapa mawe haihitajiki tena." Huenda anasema kweli. Nikamjibu kwamba mimi na yeye hatuwezi kulijua hilo, tushuke tumwite anayekaa nyuma. Akacheka. Akaona sicheki. Akashuka.

Siku hizi nyuma yangu anakaa mjukuu wa Mama Nyota, anauza simu. Alipanda, akatikisa kila boliti, akakataa mbili.

Kwa hiyo, kijana uliyeandika "wao inawahusu nini", sina ugomvi na wewe. Nina swali moja, na wote mnaweza kulijibu hapo chini: upepo wa kwenu unavuma kuelekea wapi, na nani amekaa upande huo? Mtajeni. Halafu mtuambie kama mmewahi kumpa ngazi.

Nipo, nasoma maoni yote.